Tukutendereza: Neno la Sifa na Watu Waliolibeba

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki limo neno moja la sifa ambalo huimbwa na watu wasioijua lugha yake. Beti za wimbo zitaimbwa kwa Kiswahili, au Kigogo, au Kikuyu, au Kijaluo, lakini pambio likifika, kanisa zima huinua sauti na kusema "Tukutendereza". Wazee huliimba, na watoto wa shule ya Jumapili huliimba. Huimbwa arusini wakati maharusi wanatoka kanisani, na huimbwa kaburini wakati udongo unashuka. Ukimwuliza mwimbaji maana yake, atakujibu kwamba ni kumsifu Mungu, na jibu hilo ni sahihi. Lakini ni jibu fupi mno kwa neno lililosafiri mbali namna ile, na ambalo watu wengine walilipa gharama kubwa kulibeba.

Ndugu msomaji, nataka tulitazame neno hili kwa njia mbili: kwanza jinsi lilivyoundwa, na pili jinsi lilivyotumika. Maana neno la ibada halipati maana yake katika kamusi peke yake. Hulipata pia katika saa ile watu wanapolitamka, na katika yale wanayoyafanya baada ya kulitamka.

Neno ni la Kiganda. Anayejua Kiswahili hahitaji mwalimu wa kumfungulia, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. "Tu" ni sisi. "Ku" ni wewe. Kinachobaki ni kitenzi, na shina lake ni "tenda", ambalo kwa Waganda ni kusifu. Likirefushwa likawa "tendereza", sifa hiyo huzidishwa. Basi neno zima lasema: sisi tunakusifu wewe, tena sana. Mswahili akisikia "tenda" hufikiri habari za kazi na matendo, na hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana njia. Kwa Mganda neno hilo ni la kinywa. Kwetu ni la mikono.

Sasa tulilinganishe na maneno mengine ya sifa tuliyozoea. Haleluya ni neno la Kiebrania, nasi tulilipokea kutoka Zaburi na kutoka Ufunuo. Wengi hudhani ni sauti ya furaha tu, kama kigelegele. Kumbe ni amri, tena amri kwa watu wengi: Msifuni Yah, yaani Mungu kwa jina lake la ufupi. Anayesema Haleluya anawaambia wenzake wafanye jambo. Salamu ya Wakatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo", ni mwaliko kwa msemaji na msikilizaji pamoja. Imetokana na salamu ya Kilatini, na kwa Kilatini haikumtaja mtendaji. Ilisema tu kwamba asifiwe Yesu Kristo. Ni Kiswahili kilichomtia mtendaji ndani yake. Salamu ya Waprotestanti, "Bwana asifiwe", hata leo haimtaji. Asifiwe na nani? Na mimi, na wewe, na malaika, na yeyote atakayependa. Mtu aweza kuisema mchana kutwa bila kujiingiza mwenyewe.

Tukutendereza halimpi mtu nafasi hiyo. Anayesifu ametajwa, naye ni sisi. Anayesifiwa naye hatajwi kwa mbali kama mtu asiyekuwapo; anaambiwa wewe, uso kwa uso. Kati ya "tu" na "ku" hakuna pengo hata la herufi moja. Ni neno la watu waliosimama mbele ya mtu.

Tena liko jambo la kushangaza katika wimbo wenyewe. Pambio hili lilitokana na wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19, nalo kwa Kiingereza ni la mtu mmoja: mimi nimeokolewa, mimi nimefikiwa na damu ya kutakasa. Lilipogeuzwa kuwa la Kiganda, mwanzo wake ukawa wa wingi. Kundi zima linamsifu Yesu, Mwana-kondoo, na baada ya hapo ndipo kila mmoja anaposhukuru kwa kuoshwa kwake mwenyewe. Sisi imetangulia, mimi ikafuata. Sijui kama kuna Mwafrika atakayeuona utaratibu huo kuwa mgeni. Nyumbani kwetu mtu huanza kwa kusema ni wa nani, halafu ndipo aseme jina lake.

Lakini hapa ndipo swali gumu linapozaliwa. Hiyo "tu" ni akina nani? Nani yumo, na nani ameachwa mlangoni? Nathubutu kusema kwamba historia yote ya neno hili ni historia ya swali hilo.

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Haikupita miaka kumi, Wakristo vijana, Waanglikana na Wakatoliki, wakauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, kati ya mwaka 1885 na 1887. Kanisa likakua. Biblia nzima ya Kiganda ilichapishwa mwaka 1896, na walimu Waganda wakaichukua wakaenda nayo pande zote, hata nje ya nchi yao. Halafu ukaja ule Mkataba wa mwaka 1900, uliowapa machifu ardhi kubwa, na machifu wengi walikuwa Wakristo. Polepole Kanisa lililozaliwa kwa damu ya mashahidi likawa Kanisa la wenye vyeo. Kufika miaka ya 1920, ubatizo ulikuwa kwa wengi njia ya kupata jina zuri na nafasi nzuri. Watu walikuwa wengi na moto ulikuwa mdogo.

Mwaka 1929 watu wawili walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda msomi, mtumishi wa serikali. Wa pili alikuwa Joe Church, tabibu Mwingereza aliyefika mwaka uliotangulia katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, njaa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, na yule tabibu alikuja Kampala amechoka mwili na roho. Wakaketi pamoja, mweusi na mweupe, wakaisoma Biblia na kuomba kwa siku kadhaa, kila mmoja akikiri upungufu wake. Leo jambo hilo laonekana dogo. Siku zile, Mwingereza kukaa na Mwafrika na kumwambia kwamba na mimi nimepungukiwa, halikuwa dogo hata kidogo.

Nsibambi aliacha kazi yake akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Huko alikuwako Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali, ambaye mwanzoni hakuwapenda watu hawa wa kuokoka, kisha akageuka akawa mmoja wa nguzo zao. Kuanzia mwaka 1933 mambo yakaanza kutokea pale hospitalini. Watu walisimama mikutanoni wakataja dhambi zao kwa majina. Waliokuwa wameiba shuka na dawa walizirudisha. Mwaka 1935 mkutano mkubwa ukafanyika Kabale, na moto ukaingia Uganda kutoka upande wa kusini-magharibi. Januari 1936 Kigozi akafariki angali kijana, wakati alipokuwa tayari kuwaambia viongozi wa Kanisa lake neno moja: "Zukuka", yaani amka. Neno lake likashikwa na Kanisa zima.

Watu hao waliitwa Walokole, yaani waliookoka. Mwanzo jina hilo lilikuwa la kejeli, na mahali pengine bado ni la kejeli. Mkutano wao waliuita ushirika, na mwenendo wao waliuita kutembea nuruni, wakifuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Nao pambio lao lilikuwa Tukutendereza.

Hapa sharti tukumbuke jambo ambalo husahauliwa. Kiganda hakikuwa lugha isiyo na lawama. Katika Kigezi, ambako Kabale iko, Waingereza waliwatumia maajenti wa Kiganda kuwatawala wenyeji, na wenyeji waliwachukia hata wakawapigania. Lugha ya ajenti ilikuwa lugha ya kodi na ya amri. Basi inawezekanaje lugha hiyohiyo ikawa lugha ya sifa kwa Mkiga, na kwa Mnyarwanda, na baadaye kwa Mkikuyu na Mgogo ambao hawakupata kumwona ajenti yeyote? Nadhani sababu ni kwamba neno hili halikuletwa na mwenye amri. Lililetwa na Mganda aliyekwisha kusimama mbele yao akasema, mimi nimewadharau ninyi, nisameheni. Neno lililokuja baada ya kauli kama hiyo halikuwa tena la ajenti. Ndiyo maana hawakuona haja ya kulitafsiri. Walilipokea kama mtu anavyopokea kitu kutoka mkononi mwa ndugu, bila kubadili rangi yake.

Na tuangalie lilitumika wakati gani. Katika ushirika wa Walokole pambio halikuimbwa tu kufungua mkutano na kuufunga. Liliimbwa hasa mara baada ya mtu kuungama. Mtu alisimama, akasema aliyoyafanya, akanyamaza. Ni saa ngumu ile. Aliyesema amebaki uchi mbele ya watu, na waliosikia hawajui watazame wapi. Hapo ndipo wimbo ulipoanzishwa na watu wakamkumbatia. Haukuwa wimbo wa kumsifu aliyetubu kwa ushujaa wake, wala haukuwa wa kumfariji. Ulimsifu Yesu, na kwa kumsifu Yesu ukamfunika yule mtu. Ulimwambia, bila kumtaja, kwamba tumesikia, na bado wewe ni wa kwetu. Hiyo ndiyo maana ambayo huwezi kuipata katika kamusi: Tukutendereza lilikuwa mlango wa kumrudisha mtu ndani ya "tu".

Nilipokuwa mtoto huko Ugogo, miaka michache baada ya uhuru, nilishuhudia jambo ambalo limenifundisha maana ya wimbo huu kuliko mahubiri mengi. Ilikuwa Jumamosi jioni, chini ya mwembe, na watu walikuwa kama arobaini. Mwanamume mmoja jirani yetu alisimama akasema kwamba mwaka wa njaa aliingia usiku katika ghala ya mjane mmoja akachota madebe mawili ya mtama. Mjane mwenyewe alikuwa ameketi palepale, mkeka wa pili. Kukawa kimya. Mzee mmoja akaanzisha pambio kama ilivyokuwa desturi, lakini mama yule akainua mkono, na sauti zikakatika. Hakuonekana kuwa na hasira. Akauliza, "Ndugu, na mtama wangu je?" Yule mwanamume akajibu kwamba ameuleta, umo katika gunia nyuma ya mwembe. Watu wakageuka kutazama, na gunia lilikuwapo. Basi mjane mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo, na sijapata kusikia Tukutendereza ikiimbwa kwa nguvu namna ile.

Njiani nilimwuliza mama kwa nini yule bibi aliwakatiza watu wakati wanamsifu Mungu. Akaniambia, "Mwanangu, alitaka na yeye awemo."

Jibu lile nimekaa nalo miaka mingi. Kama wimbo ungeendelea bila yeye, kundi lingekuwa limemsamehe mwizi kwa mali ya mtu mwingine. "Tu" ingekuwa imempokea aliyekosa na kumsahau aliyekosewa. Siku ile, nyuma ya ule mwembe, "tenda" ya Waganda na "tenda" ya Waswahili zilikutana, sifa ya kinywa na tendo la mkono, na neno likawa zima.

Lakini nisiandike kana kwamba Walokole walikuwa malaika. Neno linaloweza kumrudisha mtu ndani laweza pia kutumika kumfungia nje. Wako waliowatazama Wakristo wengine wote kama watu wa giza, na padre wa parokia kama mpagani mwenye kanzu. Wako waliofanya kuungama kuwa mtihani, na asiyekuwa na dhambi kubwa ya kusimulia akaonekana hajaokoka sawasawa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kiongozi wao, kwa kuwa hawakukubali kuacha sala na mahubiri yao ya alfajiri. Wakubwa wa chuo waliona uasi. Wanafunzi waliona utii. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Jambo la kushukuriwa ni kwamba wengi wa wale waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya Kanisa lililowafukuza, wakaendelea kuliimbia. Uamsho mwingi duniani umeishia kuzaa dhehebu jipya. Huu wa kwetu, kwa sehemu kubwa, ulikataa.

Ndivyo ulivyoweza kuvuka mipaka. Kenya uliingia mwaka 1937, na Tanganyika kuanzia mwaka 1939, kwa njia ya upande wa magharibi wa Ziwa. Haukuulizia kwanza dhehebu la mtu. Josiah Kibira, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, alikuwa mtu wa Uamsho. Baadaye akawa askofu, na kati ya mwaka 1977 na 1984 alikuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Festo Kivengere wa Kigezi, Mwanglikana, alifundisha shule Dodoma kwa miaka kadhaa kabla hajawa askofu na mhubiri aliyejulikana duniani. Mwalimu wa shule, mfanyakazi wa reli, mwuguzi, mfanyabiashara wa lori: hao ndio waliolisafirisha neno. Hawakutumwa na kamati. Mtu alihamishwa kikazi, akafika mji asiojua mtu, akasikia sauti za pambio nyuma ya nyumba fulani, akajua kwamba amefika nyumbani.

Halafu zikaja siku za kupimwa. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya, na nchi ya Wakikuyu ikawa katikati ya vita vya Mau Mau. Watu wa Uamsho wengi walikataa kula kiapo. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na damu nyingine. Wako waliopigwa, na wako waliouawa. Wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali kujilinda, nayo serikali haikupendezwa. Lazima tuseme kweli kwa haki ya pande zote. Waliokula kiapo walikuwa na kilio cha haki, kwa kuwa ardhi yao ilichukuliwa, na hakuna aliyewaungamia wizi ule. Kwao Mlokole aliyekataa alionekana kama mtu aliyeikana "tu" ya watu wake wakati wa shida. Kwake yeye, ile "tu" aliyoiimba ilikuwa pana kuliko kabila, na asingeweza kuiimba Jumapili na kuikata kwa panga Jumatatu. Mimi siwezi kuihukumu huzuni ile kutoka mbali. Naona tu kwamba kwa watu hao neno lilikuwa na uzito wa uhai.

Huko Uganda, Janani Luwum, Mwacholi, aliokoka Januari 1948 kupitia Uamsho huu uliotoka kusini. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Waanglikana, mtu wa kaskazini aliyekaa Namirembe katikati ya Waganda. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alikimbia nchi usiku na mkewe, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Wako waliolikasirikia jina hilo. Lakini mtu aliyezoea kumsikia mwizi akiungama, kisha akaimba naye, angeweza kuandika nini kingine?

Sasa nafika mahali ambapo kalamu hupenda kupita haraka. Mwaka 1994, kuanzia Aprili hadi Julai, watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa Rwanda. Ndiyo Rwanda ileile ya Gahini. Nchi ambako Mhutu na Mtutsi waliungama pamoja na kuimba pamoja tangu mwaka 1933, ndiyo nchi ambako watu walichinjwa ndani ya makanisa walimokimbilia. Walioua walikuwamo Wakristo waliobatizwa, na baadhi ya viongozi wa makanisa walikaa kimya au walifanya mabaya zaidi ya kukaa kimya. Wako pia walioficha jirani zao darini na chini ya vitanda, na wako waliokufa pamoja nao kwa sababu walikataa kutengwa kwa kabila. Yote mawili ni kweli, na la pili lisitumiwe kufuta la kwanza.

Je, neno lilishindwa? Nimeliuliza swali hili mara nyingi, na haya ndiyo maoni yangu. Neno halikushindwa, ila lilikuwa limepunguzwa. Katika siku za mwanzo watu waliungama hata dharau ya kabila: Mtutsi kwa Mhutu, Mganda kwa Mkiga, Mzungu kwa Mwafrika. Miaka ilivyopita, maungamo yakawa ya mtu na mfuko wake, mtu na chupa yake, mtu na ndoa yake. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini dhambi ya kundi zima, ile ambayo kila aliye chini ya mwembe anashiriki, haina mtu wa kusimama kuitaja. Nani atasimama wakati wote wameketi mkeka mmoja wa kosa? Basi ikakaa bila kutajwa, wimbo ukaimbwa juu yake, na gunia halikuletwa.

Baada ya mwaka 1994 wako Wanyarwanda, walionusurika na waliokosa, ambao wamekaa tena pamoja na kutajana mambo ya kutisha. Nimesikia watu wa mbali wakiusifu upatanisho huo kwa urahisi mno. Kama mjane akiuliza habari za mtama, si vyema sisi tusioibiwa tuendelee kuimba.

Kwa nini nimeyaandika haya? Kwa sababu siku hizi maneno ya sifa yamekuwa mengi midomoni mwetu. Mwanasiasa akishika kipaza sauti kanisani huanza na "Bwana asifiwe", mara tatu, mpaka watu waitikie kwa sauti inayomridhisha, kisha ndipo aombe kura. Mhubiri akiona watu wanasinzia huwaamsha kwa "Haleluya". Siwalaumu sana, maana salamu ni salamu. Lakini Tukutendereza ningependa tuliache na heshima yake. Halikuundwa kuamsha wanaosinzia. Liliundwa na watu waliokuwa wamekwisha kuamka, na kuamka kwenyewe kuliwauma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pambio hili likianzishwa katika ushirika wenu, imba. Huna haja ya kujifunza Kiganda. Hata wazee wetu hawakujifunza. Ila unapofika kwenye silabi ile ya kwanza, ile "tu", pitisha macho polepole kwa waliokaa karibu nawe, kisha uwakumbuke wasiokuja. Yupo aliyeacha kuja kwa sababu ya shamba. Yupo aliyeacha kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu ya kabila lake. Yupo anayedai, naye haulizi tena. Wimbo ni wa hao pia, na kama hawamo, basi kuna kazi ya kufanya kabla ya beti ya pili.